Wimbo wa Mtu Aliyefiwa

Kisanduku cha gramafoni ya baba kilinuka mafuta ya cherehani. Mpaka leo nikipita kwa mafundi nguo pale sokoni, harufu ile hunirudisha kwetu Mgori, kando ya msitu, kabla hatujahamishwa. Baba aliipata Itigi, alikokuwa mpishi wa mpima ardhi mmoja wa Kizungu. Uhuru ulipokuja, Mzungu yule akafunga virago, akamwachia gramafoni na santuri moja tu. Moja! Tena upande mmoja ulikuwa umekwaruzika hata mbuzi asingeusikiliza. Upande wa pili palikuwa na mtu akiimba peke yake, nyuma yake fidla nyingi na tarumbeta, kwa lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua.

Baba aliitunza mashine ile kuliko alivyotutunza sisi, na nasema hivyo bila kinyongo. Ilikuwa na kishikizo kidogo cha kuongeza au kupunguza mwendo. Baba alikisukuma mpaka mwisho, upande wa polepole, na ole wake atakayekigusa. "Springi ni kama punda," alituambia. "Ukimkimbiza leo, kesho utabeba mzigo mwenyewe." Kitunze kidumu, hiyo ndiyo ilikuwa dini yake. Sasa, santuri ikizunguka polepole, si mwendo tu unaopungua. Sauti nayo hushuka. Kwa hiyo wimbo wetu ulikuwa mzito, wa chini kabisa, wa mwanamume mwenye kifua kipana anayeburuta kila neno. Jirani yetu Mzee Hamisi, mpiga zeze hodari, aliusikiliza mara ya kwanza kichwa kimeinama. "Mazeze yote hayo, na yote yanalia," akasema. "Huyo mtu kafiwa." Nani angembishia? Tangu siku hiyo tukauita wimbo wa mtu aliyefiwa.

Kiangazi kilichofuata surua ikamchukua mdogo wangu, Naomi. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutamka jina langu. Rehema lilimshinda, akaniita Ema. Tukamzika nyuma ya zizi. Mama hakutoa chozi msibani, na wanawake wakaanza kunong'ona, maana kwetu mwanamke asiyelia hutiliwa shaka. Siku zikapita. Jioni moja baba akazungusha mpini wa gramafoni, na mama, aliyekuwa akipepeta mtama, akaweka ungo chini na kulia mpaka wimbo ukaisha. "Baba Rehema," akasema, "rudia." Basi wimbo ukawa wake. Kila jua lilipoelekea kuzama alikaa karibu na kisanduku, na baada ya muda akawa anautilia maneno yake ya Kinyaturu, polepole, ndani yake jina la Naomi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mama alikuwa amempata mtu wa kulia naye.

Halafu likaja agizo la kuhamia kijiji cha Ujamaa, kando ya barabara kuu. Tuliahidiwa shule, bomba la maji na zahanati. Sibezi, shule ile ndiyo iliyonifanya mwalimu. Lakini kaburi halipandi lori. Mama aliuliza swali moja tu: "Naomi namwachia nani?" Baba akasema, "Wimbo tunao, mama Rehema. Wimbo tunakwenda nao." Siku ya kuhama akaiweka santuri juu kabisa ya magunia, ili isije ikavunjwa na uzito. Jua hakulifikiria, masikini. Lori likakwama mtoni, tukashinda pale tunalisukuma, na tulipofika santuri ilikuwa imejikunja kama ngozi iliyosahauliwa juani. Sindano ikaruka, ikaruka tena, ikatoa mkwaruzo. Baba akakaa chini. Mama akachukua ungo wake, akaenda kupepeta. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini laiti mmoja wetu angeifunika tu kwa kanga!

Siku hizi mama naishi naye hapa Mwankoko. Macho yamefifia, masikio bado. Mwezi uliopita mjukuu wangu alinisikia nikiuimba chini chini wimbo ule jikoni. "Bibi, uimbie simu, itautambua." Nikacheka, nikauimba. Simu ikautambua! Lo, aibu gani hii: mwimbaji alikuwa mwanamke, sauti juu, anaimba mbio huku fidla zikirukaruka kama wanambuzi waliofunguliwa asubuhi. Mjukuu akanisomea kwamba ni wimbo wa msichana anayekwenda kwenye dansi.

Hata hivyo nikampelekea mama. Akasikiliza, uso umekunjamana. "Hawa wanakimbilia wapi?" Mjukuu akapunguza mwendo. Lakini simu za sasa zina akili nyingi: hupunguza mwendo na kuiacha sauti pale pale. Msichana akawa anatembea taratibu, ila bado ni msichana. Mama akanyoosha mkono.

"Zima, Rehema. Huyu hajafiwa."

Nikazima. Kwenye kiganja cha mtoto mna nyimbo za dunia nzima, na ule mmoja wa mama haumo. Niliona uchungu kuliko nilivyotarajia, maana nimewahi kurudi Mgori kulitafuta zizi letu. Nilikuta shamba la alizeti la mtu nisiyemjua, limelimwa hadi ukingoni mwa msitu, na sikuweza hata kukisia mahali pa kusimama.

"Na yule mwanamume wetu," mama akauliza, "yuko wapi?"

Ningemwambiaje kwamba hakuwahi kuwapo? "Alibaki Mgori, mama."

Akatikisa kichwa kukubali, akajifunika kanga mabegani. "Vizuri. Basi Naomi hayuko peke yake."

Habari za alizeti sikumwambia.