Taja Kitu Unachokifuata

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ilikuwa ya mbalamwezi. Unajua hapa kwetu Kibirizi, mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa. Mitumbwi inavutwa mchangani, wanaume wanashinda nyumbani wakishona nyavu na kutafuta maneno. Ugomvi mwingi wa nyumba za wavuvi ni wa siku hizo.

Mimi nilikuwa msichana wa kuchota maji na kugeuza dagaa. Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, maboti yanashusha watu wa Kongo, magodoro kichwani, watoto mgongoni. Mama yangu alimkuta mmoja kanisani, Mama Riziki, wakasali pamoja, akaja naye nyumbani. Akawa analala jikoni kwetu na kuanika dagaa na sisi.

Katikati ya hayo ndipo kaka yangu Elia akasema anaondoka. Anataka kwenda Zambia, akabebe mizigo bandarini.

Baba alicheka, lakini si kicheko kizuri. Akasema watu wanavuka ziwa kuja kulala kwenye mchanga wetu, huyu anaukimbia. Akasema kijana ana ndevu na sahani yake bado anaoshewa na dada yake, huko Zambia ataoshewa na nani. Elia akajibu tu kwamba anakwenda kutafuta maisha. Neno hilo lilimchoma baba. Akamwambia kama hapa hakuna maisha, basi akishatoka asitume hata salamu. Mama akaanza kulia. Elia akaingia ndani kuchukua begi lake.

Mama Riziki alikuwa pembeni anapepeta maharage. Kwetu mgeni haingilii maneno ya baba na mwanawe, naye alilijua hilo. Ila Elia alipotoka na begi, akaweka ungo chini.

"Elia, mtoto yangu, maisha ndiyo nini? Taja kitu."

Elia akasema kazi. Mama Riziki akamwambia kazi hata hapa anayo. Elia akasema pesa. Akaulizwa pesa ya nini. Akatazama chini, kisha akasema, "Nataka wavu wangu. Kwenye boti ya baba nitashika taa mpaka nizeeke."

Baba hakuwa anajua. Alidhani mtoto anamkimbia yeye.

Mama Riziki ndipo akatueleza habari yake. Kumbe kwao hasa ni Burundi. Alivuka kwenda Kongo akiwa msichana, kukata miwa.

"Watu wa hapa wananiuliza nilikimbia nini. Mara ya pili nilikimbia risasi. Mara ya kwanza sikukimbia kitu, nilifuata mabati ya nyumba ya mama yangu. Lakini nilimwambia naenda kutafuta maisha. Mabati nikapata, nikatuma, nikabaki. Kila mwaka nasema bado kidogo. Mama angeniitaje nirudi, na hakujua nilifuata nini? Alikufa anadhani nilimchoka."

Baba akavuta kigoda, akakaa karibu na Elia. Akamuuliza, "Wavu wa macho gani, madogo au makubwa?" Wakaongea habari za nyavu mpaka ugali ukapoa. Siku ya safari, baba ndiye aliyembebea begi mpaka bandarini.

Nisikudanganye, mwanangu, Elia hakurudi kuishi. Wavu aliupata, akauleta mwenyewe, akaukabidhi kwa baba, kisha akasema safari yake imebadilika, amepata mchumba kule. Baba aliumia. Lakini aliumia akijua, na hilo ni tofauti kubwa. Mpaka anafariki alikuwa akimtaja Elia bila kinyongo.

Nilipokuja kusoma masomo ya jioni, nina watoto tayari, mwalimu aliandika ubaoni sababu za watu kwenda kufanya kazi nchi nyingine. Umaskini, ajira, vita, ardhi kupungua. Yote kweli, nikayaandika. Ila moyoni nikasema, mwalimu, kuna mwingine amefuata mabati ya mama yake, na ukimuuliza atakujibu umaskini.

Juzi nawe uliniambia unataka kwenda Arabuni, kazi za ndani. Nikakuuliza kwa nini, ukasema maisha. Nililala na neno hilo vibaya.

Sikukatazi. Ninachotaka ni ukae na mimi na baba yako, utaje kitu unachokifuata. Kama ni kiwanja, sema kiwanja. Kama ni ada ya mdogo wako, sema. Hata kama umechoka na nyumba hii, sema hivyo hivyo, nitavumilia kusikia. Ukishakipata, nitakuuliza kama sasa unarudi. Kama kimebadilika, uniambie kimebadilika, usinifiche kwa salamu nzuri. Na ukifika ukaona hakipo, au watu wale ni wabaya, rudi mikono mitupu. Hatutakuuliza umeleta nini.

Mungu akutangulie kwenye mlango wa watu usiowajua. Akupe mwajiri mwenye hofu yake, akulinde mwili na akili, na kila utakapopiga magoti huko, ujue kuna mama Kigoma naye amepiga magoti. Amina, mwanangu.