Kengele, Mhudumu Aliyejua Kila Mtu Anakula Nini

Mlango wa mgahawa haujafunguliwa wote, na sauti yake imeshatangulia jikoni.

“Mayai mawili, yasiive sana! Supu mbili kwa fundi wa magari! Chai ya mwalimu, bila sukari!”

Wenye mayai, supu na chai bado wako nje, wanajifuta viatu kizingitini. Hakuna aliyeagiza. Hapa mteja wa kudumu haagizi; akionekana tu mlangoni, mhudumu anamtangaza kwenye dirisha la jikoni, na mpishi anapakua. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Kengele, jina ambalo mwanawe wa mwisho aliwahi kumtajia mwalimu wake darasani alipoulizwa jina la baba.

Ni Jumatatu, na wiki hii ni ya mwisho. Jengo limeuzwa, aliyelinunua anataka kulibomoa, na Jumamosi jioni mgahawa uliolisha mtaa huu kwa zaidi ya miaka thelathini utafungwa. Kengele ameutumikia kwa miaka ishirini na minne. Aliingia kijana mwembamba wa kuosha vyombo. Leo ana mvi kidevuni na mwendo wa mtu anayekimbizwa.

Hakai, hatulii. Anafuta meza aliyokwisha kuifuta, anapanga vijiko, anatoka nje kutazama barabara, anarudi na kuvipanga tena. Mpishi, mwanamke aliyekula chumvi nyingi na ambaye kila mtu humwita Shangazi, anasema wiki hii mwenzake amekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

“Watu wanadhani nimekalia kuti kavu,” Kengele anasema, kitambaa begani. “Sijakalia. Sisi tunafungua kwetu. Chumba cha mbele kinatosha meza nne. Mama watoto atapika, mimi nitahudumia. Wateja ninao, na kila mmoja najua anakula nini. Nani mwingine anaanza biashara na mtaji kama huo?”

Mtaji mwingine hana. Theluthi mbili za mshahara wake zimekuwa zikiishia kwenye kodi ya vyumba viwili, na kilichobaki kikigombaniwa na karo. Zamani mgahawa ulikuwa na wahudumu watano na sahani zaidi ya mia mbili kwa siku. Mwaka huu amebaki peke yake, na hata siku nzuri sahani hazifiki themanini. Mwenye mgahawa, binti wa bibi aliyeuanzisha, amempa meza nne na viti vyake kama mkono wa kwaheri. Kwa hiyo kesho yote ya Kengele imeegemea jambo moja tu, kwamba anawajua watu wake.

Jioni hiyo aliurudia mpango wote nyumbani kwake, mbele ya mwandishi wa habari hii. Alionyesha kwa mikono meza itakaa wapi na jiko litakaa wapi. Mkewe, ambaye kazi yake ni kufua na kupiga pasi katika nyumba ya wageni, alikuwa chumba cha pili akikunja nguo, mlango wazi. Kengele hakumwita.

Mambo yaliharibika Jumanne mchana.

Alikuwa amepata nafasi ya kutoka kidogo, akazunguka maduka ya jirani kuwaaga wateja na kuwaelekeza nyumbani kwake. Akafika kwa fundi cherehani, mwanamke mpole ambaye huvaa futi yake ya kupimia nguo shingoni hata anapokwenda kula. Jikoni anajulikana kama Mama Maharagwe. Kengele alimwelekeza njia, kisha akamtuliza kwamba asiwe na wasiwasi, maharagwe yake yatakuwepo kama kawaida.

Fundi aliweka mkasi chini.

“Kaka Kengele, nikuombe kitu kimoja. Ukifungua kwako, naomba nianze upya. Maharagwe sijawahi kuyapenda.”

Kengele akacheka, akidhani anataniwa. Fundi hakucheka.

Kisa chenyewe, kama fundi alivyokieleza huku akiona haya, kilianza siku yake ya kwanza mtaani, miaka kumi na mmoja iliyopita. Alikaa kwenye meza ya fundi aliyemtangulia dukani, ambaye kweli alikuwa mtu wa maharagwe. Kengele aliona futi shingoni, akatangaza. Mgeni akadhani ndicho chakula kilichobaki, akala. Kesho yake alikuja na nia ya kuagiza samaki, lakini kabla hajavuta kiti sauti ilikuwa imeshafika dirishani, na watu wakamgeukia kwa tabasamu: mgeni ameshakuwa mwenyeji. Wiki ilipokwisha alikuwa na jina.

“Ningeanzaje kukwambia?” alimuuliza. “Ulikuwa unafurahi sana. Nikajisemea, ni chakula tu, nitakula. Leo nimesikia yatanifuata mpaka kwako, nikaona hapana. Nitazikwa nayo.”

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo huu ulimpata Kengele amesimama mlangoni kwa watu, na alirudi mgahawani bila kuaga.

Hakuweza kuliacha jambo hilo lipite. Mchana huohuo alimbana fundi wa magari, yule wa supu mbili. Naye, baada ya kujikuna kichwa, alikiri kwamba bakuli la pili lilikuwa la kijana aliyekuwa akijifunza ufundi kwake. Kijana alishapata gereji yake mwenyewe, yapata miaka minne sasa. Kengele aliendelea kutangaza mbili, na mwenye supu akaendelea kuzimaliza. “Hili tumbo unaloliona,” alisema akilipigapiga, “nusu yake ni lako.”

Wengine wengi walimhakikishia kwamba hakuwahi kuwakosea, wanapenda wanachokula, aache kujitesa. Lakini sasa hakuwaamini. Mtu akisema napenda, Kengele anamtazama machoni kama askari wa barabarani anayetazama leseni.

Kilichomuumiza zaidi kilitoka ndani. Alipomsimulia Shangazi habari za Mama Maharagwe, mpishi hakushangaa hata kidogo. Alikuwa akijua siku nyingi. Kila sahani inayorudi jikoni hupita mikononi mwake kabla ya kuoshwa, na ile ya fundi cherehani ilikuwa ikirudi wali umeisha na maharagwe yamesukumwa pembeni.

Kengele alimuuliza kwa ukali kwa nini alinyamaza.

“Ningekwambia saa ngapi?” Shangazi alijibu. “Dirisha hili lina pande mbili, mwanangu. Wewe umezoea upande wa kupigia kelele.”

Jumatano, Alhamisi na Ijumaa sauti maarufu ilipungua. Mteja alitokea mlangoni, Kengele akafungua mdomo, akaufunga. Mara alitangaza nusu, akabadilisha, akafuta. Jikoni wakachanganyikiwa, sahani zikachelewa, na watu waliokuja kuaga mgahawa wao kwa raha wakajikuta wanasubiri kama wako hospitali. Usiku, mkewe anasema, alikuwa akigeuka kitandani upande huu na ule, anaamka kunywa maji, anarudi, anahema.

Jumamosi alipiga moyo konde. Akaamua kwamba siku ya mwisho kila atakayeingia ataulizwa.

Alimuuliza wa kwanza, akamuuliza wa pili. Baadhi walidhani ni utani wa kuagana, wakajibu kwa kucheka. Baadhi walikwama kabisa, kwa kuwa walikuwa hawajawahi kufikiria. Fundi wa magari aliomba supu moja, akakaa akiitazama kwa huzuni kidogo. Mwalimu mstaafu, mtu wa chai bila sukari, ndiye aliyekasirika.

“Miaka yote hii,” alimwambia, “leo ndiyo unaniona mgeni?”

Akasukuma kiti, akasimama. Ikabidi Kengele amfuate hadi mlangoni kumsihi, na ikabidi Shangazi mwenyewe atoke jikoni na kikombe mkononi, jambo ambalo hakuna anayekumbuka kuliona. Mwalimu akarudi, akanywa chai yake. Ilikuwa kama siku zote, bila sukari.

Hilo nalo likamvuruga Kengele. Amekosea kwa kutouliza, na sasa amekosea kwa kuuliza. Alisimama katikati ya ukumbi, sinia kwapani, hajui aende wapi.

Saa nane hivi fundi cherehani aliingia. Kengele alimvutia kiti, akamuuliza atakula nini. Mwanamke huyo alitaja samaki kwa sauti ndogo. Kengele alisimama kando kumtazama akila, mpaka fundi akamwomba aende akahudumie wengine, maana anashindwa kumeza. Sahani iliporudi jikoni, Shangazi aliiinua dirishani ili Kengele aione. Ilikuwa na miiba tu.

Jioni mwenye mgahawa alifunga mlango kwa ufunguo ule ule wa mama yake. Hakuhutubia. Alilia, akacheka kwamba amelia, akawakumbatia wafanyakazi mmoja mmoja. Meza nne zilikuwa zimeshapakiwa kwenye mkokoteni, na Kengele alikuwa akizifuta zikiwa hukohuko juu.

Alifika nyumbani, akazishusha, akazipanga chumba cha mbele. Mkewe alikuwa ameegemea mlango wa ndani akimtazama. Kengele anasema hakuwa amepanga kusema chochote usiku ule. Lilimtoka tu.

“Hivi, mama watoto, wewe unataka kupika?”

“Sitaki,” mkewe alijibu.

Alilisema upesi, kama mtu aliyelishika jibu hilo mdomoni muda mrefu. Baadaye, akimweleza mwandishi, aliongeza sababu zake bila hasira. Amepika katika nyumba hii tangu aolewe, wakati mwenzake alikuwa akila kazini. Kazi ya pasi anaipenda. Kile chumba kina mwanga, wenzake wanamchekesha, na kuanzia mwezi ujao yeye ndiye msimamizi wao.

Kengele alilalamika kwamba habari za usimamizi hakuambiwa.

“Nilianza kukwambia mara mbili,” mkewe alisema. “Zote mbili ulinimalizia maneno. Ukaitikia mwenyewe, ukaondoka.”

Usiku huo alikaa na meza nne, viti kumi na sita na mpango usio na mpishi. Asiyeuliza, husemwa, hanalo ajifunzalo. Lakini aliyeuliza naye hupewa jibu, na jibu lina uzito wake. Kengele anakiri kwamba saa za kwanza alikasirika. Alimlaumu mkewe, akamlaumu aliyenunua jengo, akamlaumu mpaka fundi cherehani na mdomo wake. Alfajiri akawa hana tena wa kumlaumu, akaenda kugonga kwa Shangazi kumwomba amfundishe kupika.

Shangazi alikuwa amefunga mizigo kwenda kupumzika kwa binti yake. Akaahirisha safari kwa wiki mbili, kwa sharti moja, kwamba yeye atakaa kwenye kiti na mwanafunzi ndiye atakayeshika mwiko.

Jumanne iliyofuata mwandishi anamkuta Kengele uani, macho mekundu kwa vitunguu, mikono imeungua sehemu mbili. Wali wa jana ulikuwa uji. Wa leo, Shangazi anasema, una dalili za kuwa wali. Mpango ni kufungua mwanzoni mwa mwezi ujao, chakula cha mchana tu, vyakula viwili, labda vitatu akifaulu kumkaanga samaki bila kumvunja. Mkewe amekubali wenzake wa kazini waletwe siku ya kwanza, kwa masharti kwamba watalipa na hatawahudumia yeye.

“Naogopa,” Kengele anasema. “Nikisikia mlango, mdomo unataka kutangulia. Naukamata.”

Mlango unasikika kweli. Mkewe ametoka kazini. Anapita chumba cha mbele, anavuta kiti kwenye meza iliyo karibu na dirisha, anakaa, anavua viatu. Kengele anaingia haraka akifuta mikono, anasimama mbele yake. Mdomo unafunguka, unafungwa. Kisha, kwa sauti ambayo wateja wake wasingeitambua, anamuuliza atakula nini.

Mkewe anamtazama muda mrefu. Kengele anahamishia uzito mguu huu, anauhamishia mguu ule.

“Kwa sasa sitaki kula,” anasema. “Nataka ukae.”

Anakaa. Hajui mikono aiweke wapi, anaiweka juu ya meza, anaishusha. Mkewe anaanza kumweleza habari za msimamizi wa zamani anayeondoka, na mashuka yaliyoungua leo, na nani alisingiziwa. Kutoka uani Shangazi anaita kwamba wali unashika chini. Kengele ananyanyuka nusu, anamwona mkewe amenyamaza katikati ya neno, anarudi kitini.

“Endelea,” anamwambia. “Uache uungue. Nitapika mwingine.”