Mnong'onezi wa Don Nicanor

Mexico nzima inamjua don Nicanor, yule mume mwoga wa vichekesho vya Jumanne kwenye runinga. Eulalia, ambaye sisi tunamwita Lala, hakuna anayemjua, na hilo linaniudhi. Mimi ndiye niliyempaka mzee poda miaka yote hiyo, kwa hiyo najua maneno yake yalikuwa yanatoka wapi.

Studioni kwetu mwigizaji hahangaiki kukariri. Anatiwa kidude sikioni, na mnong'onezi aliye kwenye kibanda cha vioo kule juu anamsomea mstari mmoja mmoja; akisikia, anatamka. Mnong'onezi wa don Nicanor alikuwa Lala; kusoma alisoma kama wengine, lakini ufundi wake ulikuwa kupima kimya. Mke wa mchezoni anauliza, "Umeshiba? Nani kakupikia?" Lala anahesabu moyoni moja, mbili, tatu, mpaka watu waanze kumhurumia mume, ndipo ananong'ona, "Njaa." Ukiwahi, hilo ni jibu tu. Ukichelewa, ni msiba. Lala alipatia, na ukumbi ukaangua kicheko, wiki baada ya wiki kwa miaka ishirini.

Kisha don Nicanor akaanza kusahau. Kwanza majina yetu, halafu mlango wa kutokea, mwisho hata kurudia mstari aliotoka kuusikia. Siku moja mwongozaji, kijana asiye na subira, akasema waziwazi: mzee akiharibu tena leo, nafasi yake anapewa mwingine.

"Hataharibu," Lala akaniambia, lakini tamali ya unga wa mahindi niliyomletea ale hakuigusa. Nikakaa naye kibandani.

Kamera zikawaka. Mke, mwiko juu, akafoka: "Sema wewe! Ulikuwa wapi?" Lala akampa mzee mstari wake. Kimya. Akampa tena. Don Nicanor alisimama kama mtoto aliyepotea sokoni, jasho linaosha poda yangu, na watu wakaanza kukohoa. Niliumia, jamani. Lala akaisukuma karatasi kando, akanong'ona: "Mzee wangu, usiogope. Mimi nipo hapa."

Don Nicanor akainua uso. Akamtazama yule mwanamke wa mwiko, akamwambia kwa upole: "Mke wangu, usiogope. Mimi nipo hapa."

Loo! Mume mwoga kuliko wote nchini anamtuliza mwenye mwiko! Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, mwongozaji naye akapiga meza akiuliza ni nani aliyeandika maneno yale. Lala alikuwa akilia, na wala si kwa kucheka.

Kurekodi kulipokwisha, mzee akapanda ngazi za kibandani peke yake, polepole, akishika ukuta.

"Nisamehe, don Nicanor," Lala akasema. "Yale hayakuwa maneno ya mchezo. Yalikuwa yako, nilikuwa nakuambia wewe."

"Najua yalikuwa yangu, binti yangu. Niliyasema kwa sauti ili nisiyasahau."