Weji ya Wayo Mpana

Belo la mitumba likikatwa kamba hutoa harufu ya aina moja tu: dawa ya nondo, vumbi la meli na jasho la watu usiowajua. Katika soko la Mbinga, miaka ile biashara ilipoachiwa huru na wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda milima yetu, harufu hiyo ilitukusanya kila siku ya gulio. Wenzangu walikimbilia magauni. Mimi, binti wa miaka kumi na mitatu, nilifuatana na baba mdogo Ditram, mkebe wa hisabati mkononi, kutafuta fimbo za gofu.

Baba mdogo alikuwa amekata nyasi miaka mingi kwenye uwanja wa gofu wa mgodi mmoja huko Zambia. Kazi ilipokwisha, ndugu walitarajia arudi na baiskeli na redio. Akarudi na mfuko wa turubai wenye fimbo saba za chuma, namba tatu hadi namba tisa, na kijiji kizima kikamwita Bwana Fimbo. Hakujali. Alichimba mashimo matatu kwenye malisho nyuma ya nyumba yetu, akanifundisha kupiga. Namba ikiwa ndogo mpira huenda mbali na chini. Namba ikiwa kubwa uso wa fimbo hulala zaidi, na mpira hupanda juu na kutua karibu. Nilipenda mlio wa mpira uliopigwa sawasawa kuliko kengele ya kutokea shuleni.

Msimu huo wa kahawa mnunuzi mmoja, Bwana Elifasi, alisikia habari zetu akaja kutazama. Naye alikuwa mchezaji. Alimwalika baba mdogo acheze naye Mbamba Bay, ufukweni mwa ziwa, wawili kwa wawili, kila upande ukipokezana mpira mmoja, yeye na dereva wake. "Na mwenzako ni nani?" akamuuliza baba mdogo. Baba mdogo akaniwekea mkono begani. Bwana Elifasi alicheka hadi akashika tumbo. "Huyu? Mchanga wa ziwani utammeza!" Nililia jioni ile, si kwa huzuni, kwa hasira. Baba mdogo naye hakula vizuri. Alijua tukishindwa, jina la Bwana Fimbo litamfuata hadi kaburini.

Tulipojaribu kwenye mchanga wa mtoni, namba tisa ilizama kama jembe na mpira haukutikisika. Tulihitaji weji, zile fimbo fupi zenye uso uliolala sana, na ndizo tulizozikuta kwenye belo la Mama Faraja, zimechanganyika na miavuli. Zilikuwa tatu. Baba mdogo alinitaka nipime mlalo wa uso wa kila moja kwa kipimapembe changu. Namba tisa yetu ilikuwa nyuzi arobaini na tano. Ya kwanza ilikuwa arobaini na tisa. "Hiyo inaifuata namba tisa vizuri," alisema, "haijaacha pengo kubwa wala haijairudia." Mbili zilizobaki zilikuwa hamsini na sita zote, ila moja ilikuwa na wayo, ile sehemu ya chini inayogusa ardhi, mwembamba unaong'aa, na nyingine wayo mpana, mnene, wenye kutu. Mama Faraja alikubali kutupa mbili kwa debe la maharage. Nikaing'ang'ania inayong'aa. "Skola, mwanangu, wewe unapiga kama unalima ngoro," baba mdogo alinionya, maana ngoro, yale mashimo tunayolima kwenye miteremko, huchimbwa kwa jembe la kushuka wima. "Wayo mwembamba utachimba nao. Mimi napiga kama ninayefyeka majani, unanifaa mimi." Sikusikia. Kesho yake mtoni niliipiga ikazama hadi shingoni, kiganja kikavimba.

Tuliporudi sokoni, ile yenye kutu ilikuwa imekwenda. Mama Faraja alimuuzia mzee mmoja wa kijiji cha Ruanda, huko huko milimani kwetu, iwe mkongojo wake. Tukapanda milima asubuhi nzima kumtafuta, tukamkuta amekaa barazani kwake, fimbo yetu magotini, ameifunga mpira wa baiskeli kichwani.

"Shikamoo, babu," nikasema.

"Marahaba. Mmekuja kuchukua mguu wangu wa tatu?"

Baba mdogo alimweleza yote, hata kicheko cha Bwana Elifasi. Mzee akasikiliza, akatikisa kichwa. "Sasa mimi nitashukaje kanisani?" Baba mdogo akachomoa namba tatu, ndefu kuliko zote, ambayo hata yeye aliipiga kwa shida. Mzee akasimama nayo, akazunguka uwanja mara mbili, akaanza kutabasamu. "Hii imenipata kimo! Ile ilikuwa inaniinamisha kama mwizi."

Wiki mbili baadaye tulipanda lori la mahindi, tukapita Tingi, tukateremka hadi ziwani, ambako ufuko ulinuka usipa, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa. Wavuvi na wake zao walikuja kutazama. Hadi shimo la mwisho tulikuwa sawa. Mpira wetu ukaangukia kwenye alama ya unyayo, mchangani, na zamu ilikuwa yangu. Nilipiga kama nilivyozoea, kwa kushuka wima. Ule wayo mpana uliteleza chini ya mpira, mchanga ukaruka hadi mdomoni mwangu, na mpira ukapanda, ukatua hatua moja kutoka shimoni. Baba mdogo aliusukuma ndani, tukashinda. Akina mama walipiga vigelegele. Bwana Elifasi alivua kofia, akanijia, akaninyooshea weji yake. "Binti, hebu nitazame ninavyopiga. Hii inanifaa kweli?" Nilimtazama mara tatu, nikamwambia hapana. Tangu siku hiyo kijiji kilimwita baba mdogo Mwalimu.

Sasa naishi Dar es Salaam. Mwaka jana nilinunua seti mpya ya fimbo dukani. Kijana muuzaji alinisimamisha mbele ya kamera, nikapiga mara tano, na kompyuta ikachagua weji tatu ndani ya dakika chache. Ilichagua vizuri, sina neno. Nilimpigia simu baba mdogo nimsimulie.

"Hiyo mashine ilikuona unavyosimama?" akauliza.

"Iliniona."

"Ikasema nini?"

"Haikusema, baba mdogo. Iliandika namba."

Akacheka kwa muda mrefu. "Basi njoo Krismasi nikutazame mwenyewe."