Geti la Mzee Cheche laingia kwenye zinki

Saa moja asubuhi, na joto la kiwandani tayari linababua nyusi. Mwanamke mwenye glavu zinazofika viwikoni ameinama kwenye ukingo wa beseni refu la chuma ambalo wafanyakazi hapa huliita "chungu". Ndani yake zinki imeyeyuka. Kwa koleo refu anasogeza majivu yaliyotanda juu.

Wenzake humwita Mama Zinki. Kwa miaka ishirini na sita amesimama hapa akivisha nguzo na mabomba koti la kuzuia kutu. Zamani malori yalipanga foleni hadi barabarani, redio ikiimba na watu wakiitikia. Leo wamebaki saba. Keshokutwa moto wa chungu unazimwa kabisa, kwa kuwa wateja wamehamia kwenye vyuma vya bei nafuu vilivyopakwa rangi.

"Chuma kilikuwa jiwe, mwanangu," anamwambia mwandishi. "Watu wakalichoma mpaka kikatoka. Sasa kila siku kinataka kurudi kwao udongoni. Kutu ndiyo nauli yake. Sisi hapa tunakinyima nauli."

Leo kinachoning'inia kwenye minyororo ya winchi si nguzo ya mteja. Ni geti la nyumbani kwake. Lilitengenezwa na marehemu mumewe, mchomeleaji wa kiwanda hiki hiki, maarufu kwa jina la Mzee Cheche. Alilipaka bluu, na kila kutu ilipochungulia alipiga msasa akaongeza bluu nyingine.

"Nikimwambia tulilete tulichovye, anasema kesho. Kila siku kesho! Kinyozi hajinyoi, si ndiyo?" Anacheka, kisha anajifuta jicho kwa bega. "Nimemkumbuka mno, jamani."

Mzee Cheche alifariki miaka minne iliyopita. Tangu hapo hakuna aliyeligusa geti, na kutu imelila kuanzia chini. Lisipochovywa sasa, chungu kingine hakuna. Lakini kulichovya nako kulimtia hofu. Kabla ya zinki, chuma huondolewa rangi, kisha hulazwa kwenye tindikali inayokula kutu yote. Kilichooza sana hutoka kama chujio.

"Nilijiuliza, je, nikiliua mwenyewe? Si ndicho kitu pekee cha mkono wake nilichobakiwa nacho?"

Jana kukazuka jingine. Desturi hapa ni kwamba kila bomba hugongwa kwa spana kabla halijaendelea mbele. Mwendesha winchi, aliyeanza kazi siku moja na marehemu, aligonga geti akakunja uso. Mabomba yote yalikuwa yamezibwa ncha. Bomba lililozibwa likizamishwa kwenye zinki hulipuka, kwa sababu hewa na maji yaliyofungiwa ndani hukosa pa kutokea.

"Yeye ndiye aliyetufokea kila siku, toboeni matundu, mtatuua!" anasema mwendesha winchi. "Kumbe kwake kaziba kote, ati lipendeze. Cheche bwana!"

Wakatoboa. Yakatoka maji meusi ya mvua za miaka, yaliyopenya kwenye vijitundu vya kutu. Mama Zinki anasema alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, hakumbuki kilianza kipi.

Alfajiri geti limetoka kwenye tindikali. Ufito mmoja wa chini umekatika, nyingine zimesimama. Sasa winchi inanguruma.

"Taratibu, baba! Taratibu!" anapaza sauti.

Geti linazama. Zinki inachemka na kufoka, moshi mweupe unapanda. Mama Zinki anasafisha uso wa chungu. Kisha anainua kidole na minyororo inavuta.

Linatoka zima, jeupe, likidondosha matone.

Likisha kupozwa kwenye maji, anavua glavu na kulikaribia. Zinki hunenepa kidogo palipochomelewa, kwa hiyo mishono yote iliyofunikwa na bluu miaka nenda miaka rudi imejitokeza. Anaipapasa mmoja mmoja.

"Hapa mkono ulimchoka. Hapa nilimwita aje kula, akaacha, akarudi kuanza upya. Na hapa, loo, alibana kijiti cha kuchomelea! Mchoyo yule!"

Mwendesha winchi anasogea karibu. "Tutafute bluu ile ile, shemeji?"

"Thubutu! Asilete mtu rangi kwangu."

Keshokutwa, wenzake watakapokuwa wakizima moto, yeye atakuwa nyumbani akisimamia geti likifungwa tena mahali pake. Atapumzika, anasema, na kulea wajukuu. Wawili wamezaliwa babu yao akiwa ameshaondoka.

"Nitawashika vidole niwapitishe hapa, na hapa, na hapa," anasema, kiganja kikiwa bado juu ya mshono. "Niwaambie, haya, msalimieni babu yenu."