Turubai la Mama Nta

Saa kumi na mbili asubuhi, wingu limejikalia juu ya ua kama mgeni asiyejua kuaga. Chini yake, fundi wa miavuli anayeitwa Mama Nta anasugua mshumaa kwenye turubai, kisha anapitisha pasi ya moto ili nta izame kwenye kitambaa. Mchana bintiye ataolewa chini ya turubai hili.

"Ndugu walitaka nikodi turubai," anasema kwa uchungu wa shujaa aliyetukanwa. "Mimi? Niliyekinga vichwa vya mtaa mzima?"

Wifi yake, aliyeketi barazani na kikombe cha chai, ana swali. "Wifi, taulo tuje nazo, au mtatugawia?"

Mama Nta anamjibu kwa neno alilofunzwa na binti huyo huyo, mwalimu wa sayansi: haidrofobiki, yaani kitu kinachokataa maji. Anadondosha maji kwa kijiko juu ya turubai. Tone halinywewi. Linajikunja na kuviringika hadi ukingoni, kana kwamba lina safari.

"Nta, mafuta, unyoya wa bata, vyote haidrofobiki."

"Na mwanangu asiyeoga?"

"Huyo mvivu. Usichafue neno la watu."

Bibi harusi anachungulia dirishani, nywele zimesukwa nusu. "Lakini nta haikatai maji, Mama. Maji ndiyo yanashikana yenyewe, yanaitenga."

"Kama mawifi," anasema wifi.

Saa nne turubai limesimama na mvua imefika. Matone yanateleza juu yake vizuri mno. Mama Nta anakunja mikono kifalme. Ndipo tone moja linapotua kwenye chai ya wifi, aliyehamia chini ya turubai.

Mama Nta anainua macho.

"Mshono," ananong'ona fundi. Alipaka nta kwanza, akaunganisha vipande kwa sindano baadaye. Kila tundu lililotobolewa na sindano ni mlango wa maji.

Wifi anamwaga chai. "Leta mshumaa. Harusi ni yetu sote."

Mvua inapopumzika, wanalishusha, wanalifuta, wanasugua mshono baada ya mshono. Mmoja mshumaa, mwingine pasi, matusi ya utani yakipokezana.

Mchana mvua inarudi kwa hasira, na wageni wanacheza wakavu. Mkobani mwa wifi zimo taulo mbili, hazijakunjuliwa.

Mama Nta sasa anapanga kushona makoti ya mvua ya wanafunzi.

"Nitashona kwanza," anasema, "ndipo nipake."

"Na mimi nitakuja na chai," anasema wifi, "kukagua."