Mikono Isiyojua Kuachia

Mama Cherehani alikuwa ameshona matanga ya zile mbao za kutelezea majini kwa upepo miaka nenda rudi, bila kulowesha hata kidole cha mguu. Kisha akaja bosi mpya na lake: anayeshona tanga sharti alijaribu mwenyewe, azunguke boya na kurudi. Asiyeweza, kiti chake kitakaliwa na fundi mwingine. Akampa mpaka Jumamosi, na kiti hicho ndicho kilichokuwa kikilisha nyumba nzima.

Mwalimu alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, mtu wa maneno mengi. Siku ya kwanza alimcheka mpaka akakaa chini, maana kila alipopanda mama wa watu, ubao ulimtoka miguuni, naye akaibuka anakohoa, kilemba hakijulikani kilipo. Shemeji akamwambia kuanguka si kitu, kazi iko mikononi. Upepo ukizidi, aachie mpini wa tanga. Tanga litalala majini na ubao utapoa. Lakini mikono ya fundi huyu ilifundwa kinyume. Kitambaa kikivutwa na mashine, fundi hukikaza. Akikiachia, mshono unakwenda upande. Basi upepo ulipovuta naye alikaza, akarushwa juu ya tanga kama gunia. Wiki nzima ikawa hivyo hivyo, hadi akachukia kila chenye maji, hata ndoo ya kuogea.

Jumamosi upepo uliamka vibaya. Bosi alisimama ufukweni, mikono mfukoni. Mama Cherehani akapanda, akavuta kamba hadi tanga likasimama. Lilikuwa tanga alilolitengeneza mwenyewe juzijuzi, mshono wake ukipita katikati. Akalizunguka boya. Moyo ukamruka kwa furaha, na papo hapo upepo ukamkamata.

Ubao ukageuka na kuelekea kwenye mawe ya gati. Akakaza. Mabega yalitaka kung'oka. Aliyaona mawe, akakiona na kiti chake kikikaliwa na mtu mwingine, na vidole vikakataa katakata kufunguka.

"Shemeji, achia!"

Sauti ya mdogo wa mumewe kutoka ufukweni haikuwa na mzaha hata chembe, na hilo lilimtisha kuliko mawe. Akaachia. Akaanguka chali, na alipoibuka alisikia ubao ukigonga gati na kitambaa kikichanika, sauti anayoijua kuliko jina lake.

Akatoka majini akiburuta tanga lililopasuka. Bosi akamuuliza kwa nini ameharibu mali ya watu. Alitaka kulia, lakini hasira ikawahi.

"Tanga nitalishona," alisema. "Mimi ningechanika, nani angenishona?"

Bosi aliinama akalikagua lile tanga. Lilikuwa limepasuka pembeni. Mshono wa katikati ulikuwa mzima, haukuachia hata uzi mmoja. Akamwambia arudi kitini kwake alishone upesi, maana Jumatatu atarudi nalo majini.